Jinsi Tulivyompeleka Seth Karimu Aurangabad

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, na kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, nitaandika. Ninyi watatu mliochukua ufunguo wa Studio Voyage mna ujuzi ambao mimi sitaupata tena: mnamsimamisha mteja mbele ya ukuta wowote, mnagusa simu mara mbili, na nyuma yake inatokea Kanada. Sina ugomvi na hilo. Ila mliniuliza sisi wa zamani Kanada tulikuwa tunaipata wapi, na jibu ni kwamba tulikuwa tunaichora kwa brashi, na ilichukua siku nne kama mvua hainyeshi.

Kwa atakayesoma bila kunijua, mimi ni Papa Cirhuza, mtu wa Bukavu, mpiga picha na mchoraji wa mapazia ya studio hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kwa miaka ishirini na moja. Nimeacha mwaka huu kwa sababu mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na hakuna anayetaka kupigwa picha mbele ya mnara unaotetemeka. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nilifundisha miaka sita habari za nchi ambazo sikuwahi kuziona, kwa hiyo kazi yenyewe haikubadilika sana.

Aliyenifundisha ni Mzee Amisi wa Kindu, ambaye kwao alikuwa akiandika mabango ya maduka. Siku ya kwanza alinipa fagio na ndoo ya uji wa muhogo. Nilidhani uji ni chakula, nikamshukuru. Kumbe ni wa kupaka kitambaa cha marekani ili kikaze na kisinywe rangi yote. Nilipaka uji wiki sita. Nilipomuuliza lini nitaanza kuchora, alinitazama kwa huruma.

"Unachora tayari," akasema. "Hii njo sehemu bantu habaione."

Pazia letu la kwanza la pamoja lilikuwa New York, na tulilianika nje likauke. Mbuzi wa jirani wakalila kuanzia chini hadi ghorofa ya tatu, kwa sababu ya uji. Tangu hapo tukawa tunachanganya uji na pilipili ya kusaga, na hilo liandikeni mahali, hata kama leo hamchori. Wateja wengi walipiga chafya mbele ya mnara wa Paris lakini hatukupoteza jengo tena.

Mzee Amisi alikuwa na sheria zake. Mstari wa upeo, pale mbingu inapokutana na ardhi, upite kwenye kiuno cha mteja. Ukipita shingoni unamkata kichwa, na familia yake kule Ulaya itaogopa bila kujua inaogopa nini. Kivuli cha kila jengo kilale upande uleule wa kivuli cha mteja. Na viatu vifutwe, maana vumbi jekundu la Dzaleka linajulikana dunia nzima. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na vioo viwili: kimoja mlangoni kilichokamata jua, cha pili ndani kilichopokea kutoka kwa kile cha kwanza na kumrushia mteja usoni. Wingu likipita, tulingoja. Nimewahi kumngojesha bwana harusi tangu saa tatu hadi saa nane, akiwa amekunja tabasamu lake kama shati.

Mwaka wangu wa tano Mzee Amisi aliitwa, ndivyo tusemavyo jina la mkimbizi likitoka kuhamishiwa nchi ya tatu, akapelekwa Australia. Baada ya miezi michache alitutumia picha yake. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, na nyuma yake hakukuwa na kitu chochote. Niliumia sana kwa ajili yake.

Sasa niwaeleze Aurangabad ilivyotufikia.

Kitambaa cha marekani tulikuwa tunakinunua Lilongwe, katika mji wa zamani, kwa mzee mmoja wa Kihindi. Wenzake walimwita Seth, yaani bwana mwenye duka, na sisi tukamwita Seth Karimu. Ilinibidi kwanza niombe kibali cha kutoka kambini, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa sababu ya safari. Niliandika "kununua Kanada". Karani alinipigia muhuri bila kusoma, akanitakia safari njema.

Seth Karimu alizaliwa Aurangabad, mji wa India wenye malango mengi ya mawe, akaondoka na baba yake akiwa na miaka tisa. Walishukia Tanga, wakakaa huko hadi akawa mtu mzima, ndipo akahamia Malawi na duka lake. Ndiyo maana alikuwa na Kiswahili cha pwani kilichonyooka. Kila nikifungua mdomo alikuwa akifumba macho kidogo, kama mtu aliyemeza punje ya mchanga. Ukutani alikuwa na kalenda ya zamani yenye kaburi kubwa jeupe la mke wa mfalme, lina kuba katikati na minara minne pembeni. Nilimuuliza ni wapi. Lilikuwa kosa, kwa sababu siku hiyo sikupata marekani hadi saa tisa.

Alinieleza kila kitu. Alinieleza mapango yaliyochongwa milimani na watawa wa kale, na picha zilizochorwa kwenye kuta za ndani kabisa, mahali jua halifiki. Alisema baba yake alimpeleka huko, na mlinzi akasimama mlangoni na kioo, akakamata jua na kulituma ndani, na ukutani zikaamka nyuso za watu.

"Kioo?" nikamuuliza.

"Kioo."

"Kimoja au viwili?"

Hapo tukawa marafiki. Alinieleza pia hekalu lililochongwa katika jiwe moja la mlima, kutoka juu kwenda chini. Walianza na paa, wakamalizia na sakafu, na chini wakaacha tembo wa mawe wamelibeba jengo lote mgongoni. Mimi niliyekuwa nikianza na mbingu na kumalizia na nyasi niliona hao ni mafundi wenzangu.

Nikachora. Pazia la kwanza nilimpelekea dukani nikiwa nimelikunja begani. Alilitandika juu ya meza ya kukatia vitambaa akalipima kwa futi yake.

"Minara mitatu," akasema. "Wa nne umeuuza?"

"Wa nne uko nyuma ya mteja, Seth."

"Na mteja akiondoka?"

Nikauongeza. Kisha akauliza ziwa lile nyuma ya kaburi limetoka wapi. Nilimwambia ukweli: mimi nimezaliwa juu ya Ziwa Kivu, na bila maji sijui kuweka upeo. Alifikiri sana. Mwishowe akasema mji ule una shida ya maji kweli, na kama nimewapelekea ziwa, ni hisani. Basi Aurangabad yetu ikabaki na ziwa, na watu wa Bukavu waliipenda kuliko Paris. Walisema inafanana na nyumbani, ila imejengwa vizuri.

Niliichora kwa mapazia matatu: lango, kaburi na mapango. Kule India, Seth aliniambia, mapango yako mbali na mji, mwendo wa basi. Kwangu yalikuwa hatua nne.

Miaka ikaenda, na kichwa cha Seth Karimu kikaanza kumtoka. Kwanza alisahau bei, jambo ambalo sisi wateja tulilivumilia. Kisha akasahau kwamba ameishi Malawi. Kila asubuhi alivaa koti, akachukua sanduku lake dogo la kahawia, akatoka kwenda kwao. Mara moja walimpata mtaa wa Mtandire, kwenye vichochoro, akiuliza njia ya stesheni. Mara nyingine alipanda gari la watu wasiomjua akafika Mponela, wakamkuta sokoni amekaa juu ya magunia ya mahindi anangoja meli. Wauza mahindi walikuwa wamempa nsima, ugali wa huku, na kumwambia meli imechelewa.

Binti yake, Bi Zubeda, ndiye aliyebaki akiendesha duka. Siku moja alikuja Dzaleka na gari lake, akaingia studio bila kupiga hodi, akasimama mbele ya kaburi jeupe.

"Papa Cirhuza, baba anataka kwenda kwao. Daktari amekataza ndege, moyo hautafika. Mpeleke wewe."

"Mimi? Mimi hata Mponela naenda kwa kibali."

"Wewe ndiye mwenye Aurangabad."

Nikamwambia ule ni uongo, na kumdanganya mzee wa namna ile ni dhambi. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Juzi alisimama katikati ya barabara kuu kusimamisha lori. Lilifunga breki, likasimama kama kutoka hapa hadi pale mlangoni. Kaka yangu amenunua kufuli. Anataka baba afungiwe chumbani, na sina la kumjibu, kwa sababu lori lijalo huenda lisisimame. Nikichagua kati ya kufuli na uongo, nachukua uongo. Labda akishafika ataridhika, arudi akae."

Alikuwa analia, tena bila kujificha. Nikakubali.

Niliita majirani tupange. Nilidhani tutakuwa watu wanne. Wakaja thelathini, maana habari ya kwamba kuna safari haijawahi kupuuzwa kambini. Msemaji akawa Papa Bahati wa Uvira, ambaye alikuwa amehojiwa mara saba kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu, na mara saba amekataliwa. Hakuna aliyejua makaratasi kumzidi.

"Anafika, njo anaingia mu mji moja kwa moja?" akauliza.

"Ndiyo. Ni kwao."

"Hapana, Papa. Hakuna mutu anaingia mu inchi bila kuandikwa. Atajua tunamudanganya."

Watu wote wakakubaliana naye. Kuwasili ni jambo tulilolijua vizuri, na kila mmoja alitaka liwe la kweli. Ikawekwa meza. Ikatafutwa kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mama mmoja akasema ofisi bila foleni haiaminiki, basi wakateuliwa watu kumi na wawili wa kusimama foleni, na wengine walionyimwa nafasi walinuna. Wanawake wa Kindu wakajitolea kuwa wakazi wa mji kwa kuwa wana mitandio mizuri. Kwaya ya kanisa ikaomba kuimba. Tuliwaambia Aurangabad ya Seth haina kwaya, wakasema watakaa karibu, kama itahitajika.

Pango lilinishughulisha zaidi. Tulishona pamoja mablanketi ya kijivu ya msaada, tukayatandaza juu ya miti ya mikaratusi, na ndani nikachora tembo kwa mkaa na chokaa. Tuligeuza upande wenye herufi za wafadhili nje, lakini zilionekana kidogo kwenye goti la tembo wa pili. Vioo nikavitega mwenyewe.

Siku yenyewe Bi Zubeda alimzungusha baba yake Lilongwe yote kwa gari, kisha wakapanda barabara ya Dowa, na mzee akalala. Aliamka mlangoni kwetu saa nne, jua kali. Akashuka na sanduku lake. Binti akabaki kwenye gari, amejifunika mtandio usoni.

Papa Bahati alikuwa amevaa tai.

"Jina?"

"Karimu."

"Jina la baba? Jina la babu? Uko na bantu ngapi mu famille?"

Seth alijibu yote, kwa upole, akiwa ameshika kofia mkononi. Tulikubaliana maswali yawe matano. Lakini Papa Bahati alikuwa hajawahi kukaa upande ule wa meza, na ladha yake ikamlevya.

"Juu ya nini ulitoroka inchi yako?"

Nikamkonyeza. Hakuniona.

"Baba alisema tunakwenda wiki mbili," Seth akasema.

Papa Bahati aliandika. Akauliza kama ana woga wa kurudi. Seth akasema ana woga kidogo, kwa sababu amechelewa. Hilo nalo likaandikwa. Akapewa namba na kuambiwa asimame mwisho wa foleni, na akasimama, nyuma ya watu kumi na wawili ambao hawakuwa wakingoja chochote, dakika arobaini. Nilitaka kumwondoa lakini alikataa. Alisema hata Tanga walingoja hivihivi, na akaonekana ametulia kuliko nilivyomwona miezi mingi.

Aliingia kwa lango. Alisimama mbele ya kaburi jeupe akahesabu minara kwa kidole. Kisha akakunja uso.

"Hili ziwa silikumbuki."

"Liko hapa tangu zamani, Seth," akasema mwanamke wa Bukavu, na wenzake wakaapa kwamba hata babu zao waliogelea humo. Akawaamini.

Mlangoni kwa pango alivua viatu. Ndani mlikuwa na joto la mablanketi. Alisema zamani palikuwa na ubaridi, nikamwambia hali ya hewa imebadilika, akajibu kwamba ni kila mahali. Nikamfanyia ishara mwenzangu aliyeshika kioo cha nje. Jua likaingia, likagonga kioo changu, nikalipeleka ukutani polepole, na tembo wakatokea mmoja mmoja. Seth Karimu aliweka kiganja juu ya blanketi akasema nalo kwa lugha yake ya utotoni. Sijui alisema nini. Nilimpiga picha tatu na zote zimetoka vizuri, ingawa ya pili ina zile herufi.

Alikunywa chai. Alisalimiana na wakazi wa mji. Ilipofika saa tisa, Bi Zubeda alikuja hadi langoni.

"Baba, twende sasa."

"Twende wapi? Nimefika."

Akafungua sanduku. Akatoa shati na suruali, akavikung'uta, akavitundika kwenye msumari uliokuwa juu ya mnara wa kulia. Kisha akakunja koti likawa mto, akakaa chini ya kaburi la malkia kama mtu aliyemaliza kazi.

Tukakutana nyuma ya pazia, watu thelathini tukinong'ona. Ndipo nilipoliona kosa letu. Tulikuwa tumepanga meza, kalamu, foleni, namba, chai, hata kwaya ya akiba. Safari ya kurudi hatukuipanga. Hakuna aliyekuwa ameiuliza.

"Papa Bahati," nikasema, "we unajua makaratasi. Mutu anarudi namna gani?"

Kufika alijua. Kuhamishwa alijua, kukataliwa na kukata rufaa pia.

"Kurudi?" akasema. "Nani hapa alishaka kurudia kwabo?"

Tukatazamana. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, watu wenye miaka kumi, kumi na mitano, ishirini. Hakuna aliyejua inaanzaje, unaaga nani, unashika nini mkononi.

Papa Bahati akajaribu alichokijua. Alirudi mezani, akamwita Seth kwa namba yake, akamtangazia kwa sauti ya sherehe kwamba dosie yake imekubaliwa na anapelekwa nchi ya tatu, Malawi.

"Malawi nimeshakaa," Seth akasema. "Ahsante. Sitaki."

Foleni ilipigwa na butwaa. Katika historia ya Dzaleka hakuna aliyewahi kusikia mtu akikataa kupelekwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa wa nne kwenye foleni akasogea mbele.

"Kama ye hataki, mi naweza kuchukua nafasi yake?"

"Mama, ni Malawi," nikamwambia. "Uko mu Malawi."

"Najua. Lakini nitakuwa nimeitwa."

Bi Zubeda alikuwa ameegemea nguzo ya lango. Niliona anaifikiria ile kufuli. Nikaenda nikakaa chini kando ya baba yake. Sikuwa na ujanja wowote. Nilimuuliza tu kwa nini hataki kurudi, wakati binti anamngoja.

Aliligeukia lango.

"Siku ile tulipoondoka, mama yangu alikuwa ameenda kuteka maji. Baba alinishika mkono, tukatoka. Sikumuaga. Alirudi akakuta nyumba haina mtoto. Nikiondoka tena bila kumuaga, nitarudi tena. Kila siku nitarudi. Unaelewa, fundi?"

Nilielewa. Mimi mama yangu nilimwacha soko la Kadutu, anauza dagaa. Risasi zilipoanza nilikimbia upande wa pili. Hadi leo hakuna aliyeweza kuniambia kama aliuza zile dagaa.

Aliyejua la kumjibu mzee ni Mama Nabintu, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mwanamke wa Walungu ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Seth kwa miaka kumi na tano. Hakuna aliyemtuma. Alitoka kwenye foleni, akaweka chini kikapu chake, akaja akasimama mbele ya Seth Karimu.

"Mwanangu," akasema.

Nilifikiri mtu atacheka. Hakucheka mtu.

"Simama nikuone."

Mzee wa zaidi ya miaka themanini akasimama. Mama Nabintu akamfunga kifungo cha juu cha shati. Akalamba kidole chake akamfuta vumbi kwenye nyusi. Akafunga karanga za kukaanga vizuri kwenye karatasi ili zisimwagike, akaziingiza kwenye mfuko wa koti lake.

"Hizo utakula mu njia. Usikule yote kwa mara moja. Ukifika, fanya kazi, heshimu bantu. Mi niko muzima. Nilikuta haupo, nikajua umeenda na baba yako, sikukasirika. Umesikia? Sikukasirika."

"Nimesikia, mama."

"Basi enda."

Akamwekea mkono kichwani. Seth Karimu alilia kwa sauti, kitoto kabisa, na Mama Nabintu akamwacha alie hadi mwisho. Kisha mzee akafuta uso, akatoa nguo zake juu ya mnara, akazikunja, akafunga sanduku.

Alipopiga hatua ya kwanza kuelekea langoni, wa pili kwenye foleni akasogea. Ni kawaida ya miguu yetu, mtu akitoka mbele, wewe unasogea. Lakini yule mwanamume, fundi seremala, mtu mwenye ndevu za mvi, alijikuta uso kwa uso na Mama Nabintu, na badala ya kupita pembeni akapiga magoti. Mama akamtazama. Akamfunga kifungo. Akamuuliza jina la kwao, akamwambia aende, kwamba hakukasirika. Kisha wa tatu. Wakazi wa Aurangabad wakaacha vikombe vya chai wakajipanga. Papa Bahati akavua tai. Kwaya, ambayo hakuna aliyeihitaji tangu asubuhi, ikajipanga nayo, bila kuimba.

Mimi pia nilipanga mstari. Sitawaambia aliniambia nini, ila karanga zilikuwa zimekwisha, akanigusisha mkono mtupu kiganjani, nikakifunga kama kwamba kina kitu.

Bi Zubeda aliniomba niwasindikize hadi Lilongwe, aliogopa mzee atabadilisha nia njiani. Sikuwa na kibali. Nilikwenda hivyohivyo. Kutoka Dowa hadi mjini Seth Karimu alikuwa akitafuna karanga mojamoja, na zilizobaki akazirudisha mfukoni kama alivyoagizwa.

Niwaambie mapema ili msiwe na wasiwasi: aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo, na hakutoka tena na sanduku. Kufuli ilitumika kwenye ghala la vitambaa.

Tulifika nyumbani kwao jua likiwa bado lipo. Seth alishuka mwenyewe. Alipanda ngazi tatu za baraza, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo ambao Bi Zubeda hakujua kama bado anao, akafungua mlango. Akavua viatu. Akaweka sanduku chini pale ukutani ambapo zulia lilikuwa limechakaa kwa sababu ya hilohilo sanduku. Akaketi kwenye kiti chake, akamtazama binti yake kwa furaha, kama mtu aliyemwona mara ya mwisho zamani sana.

"Zubeda, nimerudi. Bibi yako mzima, anakusalimu. Duka nani alifungua?"

"Nilifungua mimi, baba."

"Vizuri. Nipe chai."

Bi Zubeda alinigeukia, macho yamejaa machozi, akaniambia karibu ndani, Papa, umesimama nini mlangoni.

Nilimwomba aniache kidogo pale. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeona watu wakifika, wakingoja, wakipelekwa mbali zaidi. Mtu anayerudi kwake nilikuwa sijamwona hata mmoja, na nilitaka nitazame vizuri inavyofanyika.